Cherehani ya mkono mrefu: mashine safi, huduma ya hovyo

Mtu akitoa hela nyingi namna hii kununua cherehani ya mkono mrefu ya kushonea mifarishi (vitambaa viwili vyenye pamba katikati) nyumbani, halafu ikaharibika, hastahili kujibiwa na duka kwenye simu: "Mama, unasukuma haraka mno, na huo uzi wako badilisha." Hakuna hata swali moja lililotangulia. Ndiyo maana naandika.

Tatizo lilikuwa hivi. Nikisukuma mashine mbele na nyuma, mishono inatoka sawasawa, 10 kwa inchi kama nilivyoiseti. Nikienda kushoto au kulia, ghafla mshono mmoja unarefuka hadi karibu nusu inchi, unaofuata unarudi kawaida, kisha mwingine unarefuka. Uzi mbovu hukatika au huchambuka popote uendako, na kusukuma haraka huharibu pande zote. Mishono ikiharibika upande mmoja tu, fundi anayeijua kazi yake anajua pa kuanzia kabla hajamaliza kukusikiliza: kihisi cha mwendo.

Mashine hizi hazina meno ya kuvuta kitambaa. Mfarishi umetulia kwenye fremu, wewe ndiye unayesogeza mashine juu ya kigari chenye magurudumu. Kidhibiti mishono, kinacholinganisha kasi ya sindano na mwendo wako, hujua umekwenda umbali gani kwa vihisi viwili vyenye vigurudumu vidogo vinavyogusa reli: kimoja cha mbele na nyuma, kingine cha kushoto na kulia. Kigurudumu kikiteleza au kikinyanyuka kidogo, mashine inadhani umesimama, sindano inachelewa kushuka, na hapo ndipo mshono unaporefuka.

Kupima ni rahisi, na lile duka lingeweza kunielekeza kwa simu ile ile. Kwanza, zima kidhibiti ushone kwa kasi isiyobadilika. Mashine ikishona vizuri kushoto na kulia, basi ndoano inayonasa uzi chini, sindano na mkazo wa uzi havina kosa. Pili, zima umeme kabisa, kisha angalia kigurudumu kwa tochi. Mara nyingi kuna uzi uliojiviringisha kwenye ekseli, au vumbi la pamba limegandia kwenye reli. Litoe kwa kibano na kitambaa chenye spiriti. Hakikisha springi inakikandamiza kigurudumu juu ya reli. Tatu, umeme ukiwa bado umezimwa, badilishana kebo za vihisi viwili pale zinapochomekwa, ikiwa plagi ni za aina moja. Washa ujaribu. Ugonjwa ukibaki pale pale, kushoto na kulia, kihisi cha upande huo au kebo yake ndiyo mbovu. Ukihamia mbele na nyuma, shaka iko kwenye tundu au bodi ya umeme.

Kwangu ulibaki pale pale. Nikapiga simu tena na jibu mkononi, muuzaji akaniambia sikupaswa kugusa kitu, waranti inaweza kufutwa. Kuchomoa plagi ambayo kitabu cha mashine chenyewe kinakuelekeza kuichomoa unapofunga fremu! Nilitaka kuirudisha mashine siku hiyo hiyo.

Sasa nikiri lililo kweli: kihisi kipya kilipofika, skrubu chache tu, mashine ikashona safi kiasi kwamba hasira ilinitoka nusu. Miduara imefungana vizuri, kona kali, nyuma hakuna uzi uliolegea. Kama mashine, naipa alama za juu. Kama ununuzi, hapana. Au tuseme hivi: inunue, ila si kwa mtu atakayekuuzia kisha akuone kero.

Usikubali kuangalia onyesho tu. Mashine ya maonyesho imeshawekwa sawa kwa uzi wao na pamba yao. Nenda na uzi wako, kitambaa chako na pamba unayotumia. Shona taratibu, kisha haraka, kisha mduara, kisha kona ambapo unasimama na kugeuka. Halafu geuza utazame nyuma, kwani juu hudanganya. Ukiona kwenye miduara nyuzi za juu zimevutwa nyuma na kusimama kama kope, mkazo wa juu umelegea kuliko wa bobini. Anza na bobini: weka kesi yake kiganjani, vuta uzi juu. Isimame wima bila kuondoka kiganjani. Ikinyanyuka, imekaza, ikibaki imelala na uzi ukatoka tu, imelegea. Ukishaipata hiyo, rekebisha ya juu.

Kuhusu urefu wa mkono, yaani nafasi kati ya sindano na mwili wa mashine, wauzaji hutaja inchi 18 kana kwamba zote ni zako. Si kweli. Mfarishi uliokwisha shonwa huviringishwa kwenye bomba ndani ya hiyo nafasi, na kadiri unavyosonga ndivyo roli linavyonenepa. Kwa mfarishi wa kitanda kikubwa wenye pamba nene, ukifika mwisho utabaki na 12 au 14 za kufanyia kazi. Michoro yako ikiwa mikubwa, hiyo ndiyo namba ya kuuliza.

Fremu ipimwe kwa pima maji, mguu mmoja mmoja, ukiwa umeiweka pale itakapokaa. Ukiachia mashine ikatembea yenyewe, fremu imeinama, na mistari yako itapinda. Kitambaa cha nyuma na pamba vizidi cha juu kwa inchi 4 kila upande, la sivyo vibanio vya pembeni vinavyokaza kitambaa vitagongana na mguu wa mashine.

Wanaofikiria kuipeleka Dar au Mombasa kutoka Marekani wasome kwanza kibandiko kwenye tundu la umeme. Ikiandikwa volti 120 tu, bila transfoma ya kutosha bodi itaungua, na bodi ndiyo ghali.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe vihisi vilipo, namna ya kuvibadilisha, na bei ya kimoja. Aandike kwenye risiti kwamba kuvigusa hakufuti waranti. Mimi ningekataa kununua pale anapoanza kusitasita, hata kama mashine ni hii hii ninayoipenda.