Kinyumba cha krevete cha dola 8: kinaondoa woga kweli?

Jambo bandugu, karibuni tena, muko na mimi hapa Goma, Kyeshero, na hiyo kelele munasikia nyuma ni jenereta ya jirani, muivumilie tu.

Leo tuko na hiki kitu, ngoja nisogeze kamera, mumeona? Mirija mitano ya udongo wa kuchoma imeshikanishwa kama mzinga, kila tundu kidole changu cha mwisho kinaingia. Nilikipata Birere kwa jamaa mmoja analeta vitu vya akwariamu toka Kampala, dola 8, na akaniapia kabisa nikiweka hii krevete zangu, wale kamba wadogo wa akwariamu, zitaacha woga. Nikaamini juu nilikuwa nimechoka, una krevete kumi ndani ya maji, mgeni anakuja kuona, unamuonyesha nini? Mawe.

Basi nikaiweka. Zote zikaingia ndani, hata zile mbili nilikuwa naona kila asubuhi zikapotea, nikasema dola zangu zimeliwa. Siku ya tatu mdogo wangu anaita, yaya kuja, moja imekufa! Nakimbia, kweli kitu kimelala chini, macho iko, miguu iko, sharubu iko, nakigusa na kijiti, kitupu. Ganda tu. Krevete nguo yake ni ngumu, ikimbana anaivua nzima nzima, na ile mpya bado laini kama ngozi ya maharage yaliyoiva, inahitaji siku moja mbili ikaze. Sasa wewe uko uchi hivyo na samaki anapita nje, utatoka? (Ganda musilitoe, watalikula, ndani kuna kalsiamu.)

Na samaki alikuwepo kweli. Beta wangu, mzuri ajabu, mabawa kama pazia, lakini anasimama mbele ya mirija kama askari wa barrière. Nikamhamishia ku beseni. Haikupita wiki, krevete sita nje mchana kweupe zinakwangua mawe! Njo hapo nikajua nilikuwa nasifu udongo bure, kumbe dawa ilikuwa kumtoa beta.

Lakini nisikidhulumu kinyumba. Nilikitoa siku mbili hivi makusudi, zikarudi kujificha nyuma ya filta. Ni kama mtoto, akijua mlango wa kwao uko karibu anacheza mbali. Kwa hiyo maficho yanasaidia, sikatai, mimi nabishana na bei tu. Kuna jike moja na mayai chini ya tumbo, amekaa mlangoni mwa mrija, kichwa tu nje, anapepea mayai na vile vimiguu vya nyuma bila kupumzika, ataenda hivyo karibu mwezi mzima. Huyo kumuita muoga ni kumuonea.

Kitu kimoja tu kinanitisha: zilizokuwa zinatoka vizuri zote zikijificha ghafla, ama zinazunguka ovyo zinapanda juu. Hapo musinunue nyumba, muangalie maji, na muulize nani amepuliza dawa ya mbu ndani ya chumba, ile inaua krevete haraka sana, sawa na dawa za samaki zenye shaba. Dume zikizunguka peke yao ni kitu kingine, jike ametoka kuvua ganda na zimesikia harufu yake, muwaachie mambo yao.

Sasa hukumu. Kwa mtu wa Goma, hapana, usinunue. Tumekalia lava! Mawe ya volkeno Nyiragongo ya 2002 yako mpaka ku kiwanja chako, yamejaa matundu, ule utelezi krevete zinakula unashika vizuri juu yake. Osha, sugua, loweka siku kadhaa, panga manne matano yaachane kidogo, bei sifuri. Mimi nimefanya hivyo upande wa kushoto, angalieni, kushoto ziko saba, kulia kwenye dola 8 iko moja, na hiyo ni ile ya mayai. Walioko Lubumbashi ambao hamuna lava, tafuteni chungu kilichovunjika kisicho na rangi, mulaze kipande kifudifudi. Hita pia sijanunua, krevete hizi nyekundu asili yake upande wa China na Taiwan, na baridi yetu ya mita karibu 1,500 zinaiweza.

Beta bado ako ku beseni. Anayemtaka aniandikie, ila usimuweke na krevete.