Fundi wa dekstop Kariakoo: anapima kwanza, hela baadaye

Kama una dekstop ya zamani inagoma kuwaka na umeshaambiwa "madabodi imekufa, tafuta nyingine" (madabodi ni ile bodi kuu ya ndani), kabla hujatoa hela mpelekee kwanza huyu fundi wa Kariakoo. Nampa nyota nne kati ya tano na hiyo moja ntasema imebaki kwa nini. Yuko ghorofa ya pili kwenye jengo la spea za kompyuta upande wa Mtaa wa Aggrey, kibanda chenyewe kidogo, meza moja, mita, blowa na rundo la sipiyu, yaani maboksi yenyewe ya kompyuta, za mtumba zile za maofisini zimepangwa mpaka karibu na dari.

Mashine yangu ni Dell OptiPlex 780, zile nyeusi za Core 2 Duo, ya zamani kweli, lakini ndo inayoendesha steshenari yangu Tandika. Inaprinti, inaskani, watu wanakuja kujaziwa maombi ya ajira, wanafunzi maombi ya mkopo wa chuo, kwa hiyo ikilala na mimi nimelala. Ilianza taratibu tu, asubuhi ukibonyeza inawaka inazima, inawaka inazima, feni inazunguka kidogo inakata, halafu baada ya kuhangaika nayo inakubali na inapiga kazi mpaka jioni vizuri tu. Baadae ikaongeza lingine, ikiwaka inaleta maandishi meupe kwenye skrini nyeusi inataka ubonyeze F1 ndo iendelee, na saa imerudi nyuma miaka mingi. Hapo sasa kila tovuti unayofungua inakataa, inakwambia muunganisho sio salama, mteja kasimama na vyeti vyake mkononi. Mwisho ikafika siku haikuwaka kabisa, taa ya mbele inapepesa rangi ya chungwa basi.

Fundi wa huku mtaani aliiangalia kwa macho, hakufungua hata skrubu moja, akasema madabodi imeungua na yeye ana mashine nyingine ya laki na themanini. Laki na themanini kwa kitu ambacho hajakipima! Jirani yangu wa duka la vipodozi ndo akanielekeza Kariakoo, nikaifunga kwenye kanga nikapanda nayo bajaji.

Kitu cha kwanza kilichonifanya nimwamini ni swali lake. Nilianza kumwambia fundi kasema madabodi, akanikatisha kwa upole, "Dada, usiniambie imeharibika nini, niambie inafanyaje." Akataka kujua inasumbua asubuhi tu au muda wote, inalia au hailii, taa rangi gani, halafu akauliza usiku naiacha imechomekwa au nazima swichi ya ukutani. Nikamwambia nazima kila siku, umeme wa huku ukikata na kurudi unarudi na nguvu unaunguza vitu. Akatikisa kichwa, "Basi saa yako nshaijua." Yaani hajagusa mashine bado.

Na akaeleza vizuri. Kwenye madabodi kuna kabetri kama sarafu, CR2032, ya volti 3, kazi yake kutunza saa na mipangilio wakati mashine haina umeme. Ukiiacha imechomekwa ukutani haiitegemei sana hiyo betri kwa sababu pawa saplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme, inaendelea kuleta umeme kidogo hata mashine ikiwa imezimwa, kwa hiyo betri inaweza kuwa imekufa muda mrefu na wewe huna habari. Ukizima ukutani ndo inaumbuka. Na tovuti zinakataa kwa sababu kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta yako ikidhani iko miaka kumi nyuma inaona hicho cheti bado hakijaanza kutumika. Nilikuwa najua ni intaneti mbovu, kumbe ni betri ya buku mbili!

Kuhusu kutowaka sasa, hapa ndo nataka mtu asome taratibu kwa sababu ndo tofauti yake na wengine. Alichomoa kila kitu, hadi diski, sidii, nyaya za USB, RAM zote mbili (vile vibao vya kumbukumbu), akabakiza madabodi na prosesa, yaani ubongo wa mashine, na feni yake. Akachomoa pawa saplai yangu akachomeka ya kwake ya kupimia, akawasha. Feni ikazunguka, haikukata, na mashine ikaanza kulia huku taa ndogo za mbele zenye namba zikiwaka. Mimi nikaona ndo imeharibika zaidi, yeye anacheka, "Umesikia? Inalalamika haina RAM. Maiti hailalamiki dada." Maana yake madabodi na prosesa vinafanya kazi, vingekuwa vimekufa kusingekuwa na wa kulalamika. Akachukua RAM moja akaisugua kwenye yale meno ya dhahabu na raba nyeupe ya kufutia penseli, taratibu, raba ikatoka nyeusi kabisa, akapuliza na sloti, akairudisha. Ikawaka mpaka picha ikatoka. Akafanya na ya pili hivyohivyo.

Halafu akarudisha pawa saplai yangu, kile kiwashazima kikarudi palepale. Akaniitia mita nione mwenyewe. Waya wa njano unatakiwa kutoa volti 12, inaruhusiwa kushuka mpaka 11.4 tu, wangu ulikuwa unacheza kwenye 11.1 na feni zikianza unaanguka zaidi, madabodi ikiona hivyo inajizima kujilinda. Alipoifungua, kapasita, vile vimikebe vya kutunza umeme, zimevimba vichwa, badala ya kuwa bapa zimetuna juu, na moja imevuja kitu cha kahawia. Akasema joto na vumbi la Dar vinazikausha na umeme wa kupanda na kushuka unamalizia, na ndo maana ilikuwa inasumbua asubuhi ikiwa imepoa halafu ikishapata moto inakubali. Jamani hiyo pawa saplai msifungue wenyewe nyumbani, zile kapasita kubwa zinaweza kuwa na umeme hata ukiwa umechomoa ukutani, mwenyewe alisubiri kwanza na alikuwa makini nazo.

Bei sasa. Kucheki ni elfu kumi, ukitengeneza kwake hiyo haihesabiwi. Pawa saplai ya mtumba elfu thelathini na tano, betri elfu mbili, kusafisha na blowa na kubadilisha pesti ya kupitisha joto la prosesa elfu kumi na tano, ile ya zamani ilikuwa imekauka imekuwa unga. Jumla elfu hamsini na mbili, na vifaa vyangu vibovu alinikabidhi kwenye mfuko bila kuombwa. Linganisha na ile laki na themanini.

Na msidhani anasema kila kitu kinapona ili ale hela. Nikiwa pale alikuja mzee mmoja na yake, akampa shikamoo akampisha stuli, akafanya vilevile, pawa nzuri, RAM imetolewa, mashine kimya kabisa hata mlio hakuna. Akajaribu na prosesa nyingine, kimya. Akamwambia wazi, "Mzee wangu, hii usiitie hela." Akatoa hadi diski akaichomeka kwenye mashine yake akamhamishia mafaili kwenye flashi, mzee akalipa ya kucheki tu na ya kuhamisha.

Kingine nilichopenda, hakuniomba pasiwedi na hakuondoka na mashine kwenda nayo chumba cha nyuma, kila kitu mbele ya macho yangu. Hadi diski aliipima kwa CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, akasema haijafa ila ina masaa mengi sana, nifanye bakapu mapema na nikipata hela niweke SSD, zile diski za kasi, hata kwenye mashine ya zamani hivi inaingia kwa waya uleule wa SATA na utaona tofauti kubwa kuwaka. Akanikumbusha pia kwamba Windows 10 Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa za umri huu, kwa hiyo kwa kazi zenye taarifa za watu nijipange. Hakunisukumia mashine ya kununua siku hiyohiyo, na mashine anazo pale zimejaa.

Nyota iliyobaki ni hivi. Vifaa vyake karibu vyote ni mtumba na waranti ni mwezi mmoja tu, kaandika kwa mkono nyuma ya risiti, kwa pawa saplai mimi naona ni mfupi, angefika hata miezi mitatu. Pawa saplai mpya hauzi kabisa, ukitaka mpya atakuelekeza duka la chini ambako bei inapanda karibu mara mbili. Simu hapokei akiwa kazini, na akiwa kazini ni muda wote, kwa hiyo huwezi kuuliza kama ana spea yako kabla hujatoka nyumbani, hilo linakera hasa kwa mtu wa Mbagala au Kimara. Ngazi ni nyembamba na sipiyu ni nzito, mama mjamzito au mzee atafute wa kumbebea. Laptop anagusa za kawaida tu, ya kuchomelea chip anakwambia mwenyewe nenda kwa fulani.

Ila toka ilipotoka kwake inawaka kwa kubonyeza mara moja, saa iko sawa hata nikizima ukutani, na kelele za feni zimepungua.

Mkienda, nendeni asubuhi siku za katikati ya wiki, Jumamosi pale hapapitiki. Monita na kibodi msibebe, anazo za kujaribia. Bebeni sipiyu na waya wake wa umeme, na flashi kama mna mafaili ya muhimu, na mwambieni inafanyaje, sio imeharibika nini.