Kufuli ya propela: wenye ndege ndogo Kisumu nunueni hii kitu

Nimeitumia kwa Cessna 172 na naipa nyota nne. Ni cheni nzito imevalishwa raba isichubue propela, rangi nyekundu kali unaiona ukiwa mbali, na hiyo rangi si urembo, inakukumbusha usiwashe injini kabla hujaitoa. Kuna wenye watasema aah, uwanja uko na geti na walinzi, bila pasi hufiki kwa ndege, sawa, lakini 2010 huko Marekani kijana anaitwa Colton Harris-Moore aliiba Cessna jimbo la Indiana akairusha mpaka Bahamas na hata shule ya urubani hakuwa amepitia! Na ile pini ya kufunga usukani tunaweka ili upepo wa ziwa usiuchezeshe si ya kuzuia mwizi jamani, mtu akishaingia ndani anaichomoa tu na vidole viwili. Milango yenyewe ya hizi ndege ndogo kitasa chake ni chepesi sana.

Nyota moja nimetoa kwa sababu tundu la ufunguo linashika kutu haraka na huu unyevu wetu, tia oili mara kwa mara, na ufunguo wa pili usiuache ndani ya ndege tafadhali.