Kashmere Stage Band: muziki wa wanafunzi uliofufuka

Ukisikia wimbo "Kashmere" wa Kashmere Stage Band bila kuambiwa ni nani, utaapa wanaopiga wamezeekea jukwaani. Kumbe ni wanafunzi wa sekondari ya Kashmere, Houston, Texas, chini ya mwalimu wao Conrad O. Johnson. Santuri zao zilibaki zaidi mikononi mwa wakusanyaji hadi mwaka 2006, lebo ya muziki ya Now-Again ilipotoa "Texas Thunder Soul 1968–1974": diski 2, moja ya studio, nyingine ya jukwaani.

Anza na ya studio. Besi na ngoma zimeshikana kama chanda na pete, nazo tarumbeta zinaingia pamoja na kukata pamoja, hakuna anayebaki nyuma hata nukta. Sikiliza zinavyonyamaza ghafla kumwachia mpiga ngoma nafasi. Ukimya ule haupatikani bila mazoezi ya kila siku. Vijana hawa walistahili kujulikana mapema zaidi.

Diski ya jukwaani ina moto, ila tarumbeta na tromboni huifunika besi. Punguza kidogo sauti za juu (treble) badala ya kuongeza besi, maana ukiongeza inavuma tu. Spika ndogo ya bluetooth haifai; vaa hedifoni zinazofunika masikio.

Ukitaka santuri ya zamani, iinamishe chini ya taa kabla ya kulipa. Mikwaruzo myembamba kama nywele huleta mchakacho mdogo tu. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, iache, sindano huenda ikaruka.