Mkaguzi aliyeokoa nyumba ya mama kule Muyeye, Malindi: uzoefu wangu

Nyumba ni ya mama, iko Muyeye. Mimi nafanya kazi Mombasa, kwa hivyo miezi saba nzima nilikuwa mtu wa kutuma pesa na kupokea picha. Kwenye picha kila kitu kilipendeza. Kisha siku moja mama akapigilia msumari kwenye nguzo ya nyuma, afunge kamba ya kuanikia nguo, na zege likapukutika mpaka nondo ikaonekana. Akanipigia simu: "Mwanangu, hii nguzo mbona yatoka unga?"

Fundi alikuwa ameshapanga mbao za slebu, yaani dari ya zege, na anadai pesa za saruji. Nikamwambia asimamishe. Nikatafuta mhandisi wa kujitegemea anayekagua majengo, nikahakikisha kwanza kwamba amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya. Tukapatana shilingi 20,000, ziara moja pamoja na ripoti. Nikapanda matatu alfajiri ili niwepo mwenyewe.

Nilidhani ataanza na kuta. Alianza na rundo la mchanga. Aliuchota, akautandaza kiganjani, akanionyesha vipande vya makombe. Akatia chembe ulimini, akanipa na mimi nionje. Chumvi. Mchanga wa ufuoni, na mimi nimelipia malori matatu ya mchanga wa mto! Akanieleza pale pale: nondo ndani ya zege zuri ina kinga yake, chumvi huivunja kinga hiyo, chuma kinashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hivyo zege linapasuliwa kutoka ndani. Mama akauliza mbona majumba ya kale ya Gedi yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na kuta zake zimesimama hadi leo. Lilikuwa swali zuri, na alijibiwa kwa heshima: "Mama, zile ni mawe na chokaa. Hazina nondo ndani ya kuliwa na chumvi."

Halafu nguzo. Ramani yetu inasema ringi, vile vyuma vinavyozungushiwa nondo, zifungwe kila milimita 200. Alipitisha kifaa chake cha kutafutia chuma, akawa anatia alama ya chaki kila kinapolia. Nikapima mwenyewe kwa tepu: 400, 430, mahali pengine 450. Ringi ndizo zinazozishika nondo zisipinde kwenda nje uzito ukishuka, na hapa nusu yake haimo. Chini ya nguzo mbili za jikoni zege lilikuwa na matundu, kokoto zimeshikana bila uji wa saruji, kwa sababu lilimwagwa bila kushindiliwa. Wiki mbili zaidi na lipu ingefunika yote hayo. Hili ndilo lililoniuma kuliko hata pesa, maana chini ya slebu ile angelala mama.

Fundi alikuja juu: "Dada, nimejenga miaka ishirini, hakuna nyumba yangu iliyoanguka." Mhandisi hakubishana. Alimpa chaki, akamwambia, "Nionyeshe ringi zilipo." Fundi akaishika ile chaki, asiseme neno. Alipoulizwa zege lilimwagiliwa maji siku ngapi, mama ndiye aliyejibu: siku mbili. Kwa jua la Malindi hata siku saba ni kiwango cha chini. Namba ya usajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi hakuwa nayo pia, na hapo kosa ni langu, sikuwahi kumuuliza.

Sasa upungufu wa huduma yenyewe. Ripoti niliahidiwa kwa siku tatu, ikaja siku ya tisa, na siku zote hizo vibarua walikuwa wamekaa. Ilikuwa ya Kiingereza tupu, imejaa vifupisho, na anayepaswa kuifuata kazini ni fundi. Nilipolalamika, mhandisi alimpigia simu fundi mpya niliyemweka mahali pa yule wa kwanza, akamweleza ukurasa kwa ukurasa kwa Kiswahili, bila malipo. Ningependa hilo liwe sehemu ya huduma tangu mwanzo.

Matokeo: nguzo mbili za jikoni zimevunjwa na kujengwa upya kwa mchanga wa mto. Ile ya nyuma na nyingine tatu zimezungushiwa nondo mpya na zege jipya kwa nje, na mhandisi ametuonya kwamba hizo nne tuziangalie kila mwaka kama zina nyufa, kwa sababu chumvi iliyokwisha kuingia ndani haitoki. Gharama imenirudisha nyuma sana. Lakini kama ningemwita baada ya slebu, hata kuzifikia nguzo hizo kungekuwa kazi nyingine.

Nguzo mpya zimefungwa magunia, mama anayamwagia maji asubuhi na jioni, na anahesabu siku kwa chaki ukutani. Jumatatu mhandisi anarudi kukagua nondo za slebu kabla zege halijamwagwa. Ziara hiyo nimeshailipia.