Uzio wa Umeme Usioonekana: Mbwa Wangu Mmoja Anautii, wa Pili Anaupita

Katika mtaa ninaoishi, pembezoni mwa jiji la Columbus jimboni Ohio, chama cha wamiliki wa nyumba hakiruhusu uzio wa mbao wala wa wavu unaoonekana kutoka barabarani, na ndiyo maana majirani wengi wenye mbwa wamefukia waya ardhini badala ya kusimamisha nguzo. Nami nilifunga mfumo huo kwa ajili ya mbwa wangu wawili: Bosi, labrado mzee na mtulivu, na Theluji, haski jike mwenye manyoya mazito na miguu isiyotulia. Nimeutumia majira ya joto na ya baridi, na jibu langu kwa anayeuliza kama unafanya kazi ni kwamba unamfaa mbwa mwenye sababu ya kubaki, lakini hautegemewi kwa mbwa mwenye sababu ya kuondoka.

Wengi hudhani kwamba ardhi yenyewe hutiwa umeme, jambo ambalo si kweli. Kisanduku kinachochomekwa kwenye soketi ya gereji hutuma mawimbi dhaifu ya redio kupitia waya mmoja unaozunguka kiwanja na kurudi pale pale ulipoanzia, na mbwa huvaa kola yenye kipokezi pamoja na vijiti viwili vya chuma vinavyogusa ngozi ya shingo. Akikaribia waya, kola hulia. Akizidi kusogea, hupigwa mshtuko. Kabla ya kumvalisha mbwa yeyote, nilivishika vijiti hivyo kwa vidole vyangu. Kiwango cha chini kilikuwa kama ule mchomo mtu anaoupata akigusa mlango wa gari siku kavu ya baridi, ila kiwango cha juu kiliufanya mkono wangu uruke wenyewe, na tangu hapo sikubali kuambiwa na muuzaji kwamba mbwa hasikii maumivu.

Vifaa vya kujifungia mwenyewe huuzwa kwa takriban dola 200 hadi 300, na huja na waya wa mita 150 hivi, unaotosha kiwanja cha theluthi moja ya ekari. Kabla ya kuchimba, ukiwa Marekani piga namba 811 ili wahusika waje kuweka alama palipopita nyaya za umeme na mabomba ya gesi, huduma ambayo hailipiwi. Hakikisha pia kwamba waya wako hauendi sambamba na nyaya za umeme au za televisheni kwa ukaribu, kwa maana mawimbi huweza kuhamia humo na kumshtua mbwa akiwa amelala sebuleni. Sehemu inayotoka kisandukuni hadi kwenye mpaka husokotwa nyaya mbili pamoja ili mawimbi yafutane, na hapo mbwa hupita bila kuguswa. Waya ukikatwa na mashine ya bustani, kisanduku hupiga kelele, kisha kazi ya kutafuta mahali palipokatika huanza, nayo huchosha kuliko kuchimba kwenyewe.

Mafunzo ndiyo uzio wenyewe. Unapanga bendera ndogo nyeupe kando ya mpaka, unamtembeza mbwa akiwa na kamba, na kola ikilia tu unamvuta kurudi ndani na kumsifu, kwa vipindi vifupi kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, kabla ya kumruhusu kuonja mshtuko wowote. Bosi alielewa upesi. Bendera zilikwisha kung'olewa zamani, lakini hadi leo husimama pale pale zilipokuwa, akimtazama mtu wa posta anavyopita bila kuinua mguu mmoja mbele. Kwake yeye nimepata thamani ya kila dola niliyotoa.

Theluji alifunzwa vivyo hivyo, kwa vijiti virefu zaidi vya kupenya manyoya yake, na kwa siku za kawaida aliuheshimu mpaka. Jioni moja kulungu wawili walisimama kwenye nyasi za jirani. Nilimwona akiinamisha kichwa, masikio yamekaza mbele, mkia hautikisiki. Kola ililia, naye akatetemeka ngozi ya mgongoni lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. Kisha alifyatuka. Alitoa mlio mkali mara moja alipovuka waya, na akaendelea kukimbia kana kwamba maumivu yalikuwa yamebaki nyuma yake. Kilichoniuma zaidi ni kumwona akirejea: alifika ukingoni mwa kiwanja chetu akahema, akatembea huku na huko upande wa nje, akijua kwamba kuingia nyumbani kwake pia kutamchoma. Nililazimika kuzima kisanduku ndipo akaja. Mbwa anayekimbia huvumilia sekunde mbili za mshtuko kwa ajili ya kulungu, lakini hana cha kumfanya azivumilie kwa ajili ya kurudi.

Kisa chake si cha peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, waliona kwamba asilimia 44 ya mbwa waliozuiwa kwa uzio wa aina hii walikuwa wamewahi kutoroka, ilhali kwa uzio wa kawaida ilikuwa asilimia 23 hivi. Wales ilipiga marufuku kola za mshtuko tangu mwaka 2010, na sishangai.

Kola nayo inataka uangalizi wa kila siku. Vijiti vikikandamiza ngozi mahali pamoja kwa muda mrefu husababisha vidonda, kwa hiyo mimi humvua Bosi kila usiku, nikapapasa shingo yake kwa vidole, na asubuhi nikaisogeza kola kidogo. Betri pia hupimwa kwa taa ndogo inayokuja na vifaa. Betri ikifa, mpaka umekufa, na mbwa mwerevu hugundua kabla ya mwenyewe.

Ndugu walioko Arusha na Nairobi wameniomba niwaletee mfumo huu, na nimewakatalia kwa moyo mweupe. Mbali na kwamba adapta nyingi za Marekani zimetengenezwa kwa volti 120 na huungua zikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240, waya uliofukiwa haumzuii yeyote kuingia. Hapa Ohio koyote, mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, huvuka kama hakuna kitu. Huko nyumbani ni mbwa wazururaji, na kichaa cha mbwa bado kinaua watu. Mbwa wako atakuwa amefungiwa ndani na hofu yake huku aliye mgonjwa akija kumuuma bila kizuizi. Pesa hizo ziende kwenye wavu wa chuma, nguzo na geti linalofungika, pamoja na chanjo ya kila mwaka. Theluji mwenyewe sasa hatoki nje bila kamba, na maombi yangu ya kujenga uzio wa kweli nyuma ya nyumba yako mbele ya kamati ya chama.