Tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60: uzoefu wangu, na samaki linaowafaa

Ni tangi la kioo cha milimita 12, urefu sentimita 180, upana 60, kimo 60. Nafugia humo oska wawili waliokomaa, samaki wakubwa wa mapambo.

Kwenye boksi limeandikwa lita 648. Hesabu hiyo imepigwa kwa vipimo vya nje. Ukitoa unene wa kioo na sentimita tano za juu zinazoachwa wazi, maji yanayoingia ni kama lita 550, na ukishaweka mchanga na magogo yanashuka hadi karibu 520. Wauzaji wengi hupiga hesabu hivyo hivyo, kwa hiyo silalamiki sana. Ila dawa za magonjwa pima kwa maji yaliyomo. Ukifuata namba ya boksi, samaki atapewa dozi iliyozidi kwa takriban robo.

Nililichagua kwa sababu ya upana. Wengi huuliza lita ngapi, na muuzaji naye hujibu kwa lita, wakati samaki mkubwa anahitaji kwanza mahali pa kugeukia. Oska hufika sentimita 30 hadi 35. Kwenye tangi la upana wa 45 hugeuka kwa kujikunja, mkia ukisugua kioo. Humu hugeuka bila kugusa upande wowote. Kipimo changu ni hiki: upana usipungue urefu wa samaki aliyekomaa, na ukifika mara moja na nusu ndiyo vizuri, urefu wa tangi uwe mara nne au tano ya samaki. Kimo hakinisumbui. Toleo la kimo cha 75 linaongeza lita lakini uso wa maji, ambako oksijeni huingilia, unabaki ule ule, na kuosha chini inabidi uzamishe mkono hadi begani.

Ile kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa lita moja iacheni kwa samaki wadogo. Samaki akirefuka mara mbili, uzito wake huongezeka karibu mara nane, na chakula na kinyesi hufuata uzito. Na yule anayekwambia samaki hukua kulingana na tangi, usimsikilize. Samaki aliyebanwa kwenye maji machafu hudumaa, na mara nyingi hufa kabla ya umri wake.

Hapo ndipo ninapopingana na watengenezaji, maana boksi hilo hilo linasema tangi linafaa arowana na kambare mkia mwekundu. Arowana wa fedha hufika karibu sentimita 90. Humu atakaa akiwa mdogo tu. Baadaye anataka upana wa 90 na urefu wa 240 kwenda juu. Kambare mkia mwekundu huuzwa akiwa na urefu wa kidole, kisha hupita mita moja. Huyo ni wa bwawa. Pangasi, kambare mwingine mkubwa, naye vivyo hivyo.

Uzito: kioo kitupu ni kama kilo 120. Likijaa, pamoja na mchanga na stendi, unakaribia kilo 800 kwenye eneo la mita moja ya mraba. Kama unaishi ghorofani, uliza fundi wa ujenzi kabla ya kulipia, na liegemee ukuta unaobeba jengo. Kitako cha tangi hili kinakaa moja kwa moja juu ya stendi, kwa hiyo tandika stairofomu ya milimita 10. Chembe moja ya kokoto ikibaki chini inaweza kupasua kioo. Weka pimamaji kwa urefu na kwa upana, jaza theluthi, pima tena. Likiwa limeinama, toa maji kwanza ndipo urekebishe stendi. Usisukumize kitu chini ya tangi lenye maji.

Chujio lililokuja nalo limeandikwa lita 2,000 kwa saa. Hiyo ni pampu tupu. Ukiweka sponji na mawe ya bakteria (mawe yenye vitundu wanamokaa bakteria wanaosafisha maji), mtiririko hupungua waziwazi. Kwa oska nataka maji yote yapite kwenye chujio kama mara tano kwa saa, kwa hiyo limebidi liongezwe la pili, moja kila upande. Moja likizima, lingine linabaki na bakteria wake hai. Hita nazo ni mbili za wati 300, ndani ya kinga ya plastiki, kwa sababu oska hupiga hita na kuivunja. Mbili pia ni usalama: moja ikiganda ikiwa imewaka, haina nguvu ya kuchemsha tangi zima haraka.

Kabla ya kuweka samaki, endesha tangi wiki nne hadi sita ukiwalisha bakteria amonia (sumu ile ile inayotoka kwenye kinyesi cha samaki), mpaka amonia na naitraiti, sumu ya pili ambayo bakteria huitoa kwenye amonia, zisome sifuri. Baada ya hapo nabadilisha theluthi ya maji kila wiki ili naitreti, masalio ya mwisho ya kazi ya bakteria hao, isipite miligramu 40 kwa lita. Hiyo theluthi ni ndoo tisa za lita 20 kutoa na tisa kurudisha, kwa hiyo nunua mpira wa maji siku ile ile unayonunua tangi. Ukijaza kwa mpira moja kwa moja kutoka bombani, tia kwanza dawa ya kuondoa klorini, ya kutosha maji ya tangi zima, si ya yale mapya peke yake.

Silikoni imepakwa vizuri, pembe zote zimejaa bila viputo. Mfuniko ndio mbovu: plastiki nyepesi ambayo oska anayerukia chakula huiinua kwa kichwa. Nimeubadilisha kwa vipande viwili vya kioo cha milimita 6, vyenye tundu la mabomba kwenye pembe za nyuma. Nyota nne.